Hayupo Pichani

Fungua gazeti lolote la Kiswahili la nchi hii, la leo au la miaka arobaini iliyopita, utafute picha ya mkutano wa hadhara. Chini yake utakuta sentensi ambayo sote tumeizoea: "Baadhi ya wananchi wakimsikiliza Mkuu wa Mkoa (hayupo pichani)." Isome tena polepole. Waliomo pichani hawana majina. Asiyekuwemo ana jina, ana cheo, na amewekewa mabano ya kumwombea udhuru kwa kutokuwepo kwake.

Nimeisoma sentensi hiyo tangu nilipojua kusoma bila kushtuka. Nilishtuka mwaka jana, nikiwa Masasi, sebuleni kwa mjomba wangu, nikiwa nimeshika picha ambayo maelezo yake aliyapiga yeye mwenyewe kwa taipureta na kuyabandika nyuma.

Mjomba ni kaka yake mama, na kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba si mtu wa kupita tu. Ukoo unafuata upande wa mama, na kikao cha familia hakiishi mpaka mjomba aseme neno. Kwa hiyo kumkosoa mjomba hadharani ni utovu wa adabu, na nilimwomba ruhusa kabla sijaanza kuandika. Alinipa huku akicheka. "Andika, mpwa wangu. Mimi nimewapiga watu picha maisha yangu yote bila kuwaomba ruhusa."

Alikuwa mpiga picha wa gazeti moja la Dar es Salaam, tangu miaka ya sabini mpaka ya tisini. Sasa amestaafu, anaishi Masasi mjini katika nyumba inayotazama ile milima ya mawe, na jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. Chini ya kitanda ana madebe mawili ya biskuti yaliyojaa picha na mikanda. Nilimfuata kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Katika pendekezo la utafiti nilikuwa nimeandika kwamba nakwenda kukusanya kumbukumbu za mtu "aliyeshuhudia historia". Ndivyo tunavyowaita watu wa kazi yake kila tunapowakaribisha ukumbini, tukawapa kipaza sauti na maji ya chupa.

Kumbukumbu alikuwa nazo, tena tamu. Alinisimulia namna ya kubadilisha mkanda ndani ya koti, gizani, jeti ya kiongozi ikiwa tayari inatua Mtwara. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akimbembeleza rubani ampelekee mkanda Dar es Salaam ili usafishwe usiku huohuo. Aliwataja mawaziri kwa majina, kwa tabia, na kwa rangi za suti zao. Kisha akanipa picha hiyo. Ni ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, Newala, mchana. Watu wameketi chini ya mwembe, wengi wao wanawake, wamejifunga khanga, wawili wana watoto mgongoni.

"Huyu ni nani, Mjomba?"

"Mwananchi."

"Na huyu mwenye mtoto?"

"Mwananchi."

Tulihesabu. Walikuwa wananchi ishirini na watatu. Nikamuuliza aliyekuwa akihutubia siku hiyo alikuwa nani. Akanitajia papo hapo jina, cheo, hata gari alilokuja nalo. Kisha akanyamaza, akaichukua picha, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nitakisema bila kuzunguka. Mtu aliyeona jambo lakini hawezi kusema amemwona nani, hajashuhudia. Ametazama. Nenda mahakamani ukasimame kizimbani, useme uliona "baadhi ya wananchi" wakipigwa au "mama mmoja" akilia, uone hakimu atakavyokutazama. Shahidi huulizwa nani, wapi, lini. Wapiga picha wetu wa habari wamezoea kujibu wapi na lini, na kwenye nani wanamjibia mkubwa peke yake. Halafu sisi wasomi tunakuja baadaye, tunalipigia makofi jicho lao, na kuziita picha hizo historia ya taifa.

Tuanze na sababu, maana si kila kosa linatokana na roho mbaya. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika ikikolea Kusini ilikatika na nchi. Mkanda uliopigwa Newala Jumatatu ungeweza kufika Dar es Salaam wakati habari yenyewe imeshachacha. Mhariri mwenye akili hakumtuma mpiga picha Newala peke yake. Alimtuma pamoja na kiongozi, kwa sababu kiongozi alikuwa na ndege. Na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, picha ya gazeti ndiyo iliyokuwa jicho la wengi. Jicho hilo lilifumbuka Newala kiongozi aliposhuka garini, likafumba alipoondoka.

Matokeo yake nimeyaona ndani ya madebe yale mawili. Ukizipanga picha za Mjomba kwa mfululizo utadhani uwanda wa Makonde ulikuwa uwanja wa kupokelea wageni. Kuna ngoma za mapokezi, mataji ya maua, mawe ya msingi, utepe unakatwa. Sasa kumbuka kilichokuwa kikitokea miaka hiyo. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa si hiari tena. Huku kwetu familia zilihamishwa zikaiacha mikorosho yao nyuma, mbali kiasi kwamba kupalilia na kuokota ikawa safari. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani kama 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Vijiji havikuwa sababu pekee, bei na magonjwa ya mikorosho navyo vilichangia, lakini muulize mzee yeyote wa Masasi au Newala na atakuonyesha kwa kidole msitu ulioota mahali palipokuwa na shamba la baba yake. Hilo ndilo tukio kubwa la kihistoria la uwanda huu katika kizazi cha Mjomba. Katika madebe yake halimo. Hakuna kiongozi aliyekuja kuzindua kuporomoka kwa korosho.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya enzi ya chama kimoja, yamepita. Hapana. Yana mizizi mirefu zaidi, na mizizi hiyo imepita hapahapa kwetu. Mwaka 1906 alifika Masasi Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vya moto. Mwaka uliotangulia hata misheni ya Masasi ilichomwa moto. Weule alikuja na kamera, mashine ya kurekodi sauti na mashine ya sinema. Alizunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Alipiga picha nyingi mno, akaandika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1908, na ndani yake bibi zetu wamo wakiwa wamepangwa kwa kabila: mwanamke wa Kimakonde, mwanamke wa Kimakua, vijana wa Kiyao. Ndonya imeonekana vizuri, chale zimeonekana vizuri. Mwenye mdomo huo na mashavu hayo hakutajwa. Machifu wachache wana majina. Na kati ya wapagazi waliombebea mizigo, mmoja wa waliobaki na majina anaitwa Pesa Mbili. Hata yule aliyekumbukwa, amekumbukwa kwa bei.

Toka "mwanamke wa Kimakonde" wa mwaka 1906 mpaka "baadhi ya wananchi" wa miaka ya themanini, tulibadilisha bendera, tukabadilisha wimbo, tukabadilisha mpiga picha akawa mtoto wa hapohapo Newala. Maelezo chini ya picha hatukuyabadilisha. Tulifuta kabila tukaandika uraia, na nafasi ya jina ikabaki tupu vilevile.

Najua jibu litakalonijia kutoka kwa wenzangu wa uandishi wa habari, kwa sababu nimeshalisikia semina nzima: mpiga picha hana nafasi ya kuuliza majina, mambo yanakwenda mbio, na picha nzuri inajieleza yenyewe. Watanitajia Mohamed Amin. Nami namheshimu Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanzia hapa kampuni yake. Aliyapiga picha mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na mwaka 1966 alikaa gerezani Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na picha za njaa alizotoka nazo ziliitikisa dunia. Mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Comoro.

Umeona ninavyojua? Najua alivyozaliwa, mkono aliopoteza, na ndege iliyomuua. Sasa niulize jina la mama mmoja, mmoja tu, aliyelala chini pale Korem asubuhi ile mbele ya kamera yake. Sina. Nimesoma habari za Amin kwa miaka mitatu na sina. Dunia ilichanga mamilioni kwa ajili ya nyuso ambazo haikutaka kuambiwa zinaitwaje.

Na kwamba picha inajieleza yenyewe, huo ni uongo, tena uongo unaoweza kuthibitishwa. Machi 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeinama chini kwa njaa huko Ayod, Sudan, tai akiwa nyuma yake anangoja. Picha ile ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na miezi michache baadaye Carter akajiua. Dunia nzima ilimlilia "msichana mdogo" aliyeliwa na tai. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la El Mundo la Hispania walikwenda Ayod na picha mkononi, wakauliza. Wakaambiwa alikuwa mvulana. Aliitwa Kong Nyong. Hakuliwa na tai. Aliiokoka njaa ile, akakua, akafa kwa homa miaka mingi baadaye. Kwa miaka kumi na minane picha maarufu kuliko zote za njaa ya Afrika ilikuwa haijui hata kama mtoto wake ni wa kiume au wa kike. Ilichohitaji ni mtu wa kurudi na kuuliza.

Vuka Ruvuma uone gharama ya kutokuuliza. Tarehe 16 Juni 1960, Mueda, uwanda uleule wa Makonde upande wa Msumbiji, askari wa Kireno walifyatulia risasi umati wa watu waliokuja kudai haki zao. Walikufa wangapi? FRELIMO imesema zaidi ya 600. Wapo watafiti wanaosema idadi ilikuwa ndogo zaidi, tena kwa mbali. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Idadi ya watu wasiotajwa inaweza kuongezwa au kupunguzwa na yeyote mwenye sababu ya kufanya hivyo. Orodha ya majina ni ngumu kuichezea, maana kila jina lina ndugu zake watakaokuja kubisha hodi.

Nikirudi kwa Mjomba, alijitetea, na utetezi wake una uzito kuliko ule wa semina. Alisema mkanda mmoja una picha 36, na mkanda wenyewe ulikuwa wa kugawiwa. Kiongozi anatakiwa atoke vizuri kwenye picha tano, mgeni wake mbili, jiwe la msingi moja. "Wananchi wanabakiwa na ngapi? Halafu jua linazama na msafara haungoji mtu anayeuliza majina." Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema miaka ya vita vya ukombozi, wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa kambini Nachingwea na watu wao wakivuka mto kuja huku, jina lilikuwa kitu cha kuficha. Wengi walitumia majina ya kivita. "Ukiandika jina la mtu gazetini, kesho mama yake aliyebaki ng'ambo anapigwa. Tulifundishwa kutoandika, mpwa wangu. Baadaye vita vikaisha, sisi tukabaki na mazoea."

Nakubali. Kuna jina la kulindwa, na hakuna kanuni ya uandishi inayozidi uhai wa mtu. Lakini kulificha jina unalolijua ni jambo moja, na kutokulijua kabisa ni jingine. Anayeficha ana daftari mahali. Mjomba hakuwa na daftari la wananchi. Daftari la viongozi analo mpaka leo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, "kutoka kushoto kwenda kulia".

Wala usiseme zama zimebadilika. Julai 2020 nilikuwa Lupaso, siku anazikwa Benjamin Mkapa. Nilipanda bodaboda kutoka Masasi mapema, nikasimama karibu na kundi la bibi wa kijiji waliokuja kuimba. Mkapa alikuwa mtoto wao kabla hajawa rais wa watu wengine. Kamera zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuziona maishani. Kijana mmoja mwenye kamera kubwa, wa chombo nisichokitaja, alimgusa bibi mmoja bega. "Bibi, sogea kidogo, unaziba." Bibi akasogea. Anaziba nini? Alikuwa nyumbani kwake, kwenye msiba wake, na yeye ndiye aliyeambiwa anaziba. Kesho yake niliona picha za siku ile. Msafara wote ulitajwa kwa vyeo. Bibi wale walikuwa "baadhi ya waombolezaji".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tunamzika mhariri. Kabla ya siasa Mkapa aliongoza gazeti la The Nationalist tangu mwaka 1966, baadaye Daily News, kisha akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari, Shihata, mwaka 1976. Kama kulikuwa na kaburi nchini ambapo waandishi wangesimama na kuuliza "Bibi, unaitwa nani, na unamkumbukaje?", lilikuwa lile.

Nawe msomaji usikae pembeni ukicheka wazee wa magazeti. Kipindi hiki sote ni wapiga picha. Nenda Newala siku ya sikukuu, simama pale Shimo la Mungu ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako, uone simu zinavyonyanyuliwa. Tukimaliza mandhari tunamtafuta bibi. Bibi mwenye chale usoni, au akipatikana mwenye tundu la ndonya mdomoni, ndiyo bora zaidi, maana wamebaki wachache. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilimpiga picha bibi mmoja sokoni Newala akiuza mihogo mikavu, nikaiweka mtandaoni na maneno haya: "Bibi wa Kimakonde. Asili yetu." Watu waliipenda, wakaisambaza. Sikununua hata muhogo mmoja. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Weule, nilikuwa Weule mwenye bando. Yeye angalau alitembea kwa miguu.

Basi tulifanya jambo dogo. Mwezi wa saba mwaka jana nilimchukua Mjomba, tukapanda gari kutoka Masasi kwenda Newala tukiwa na picha ile ya watu ishirini na watatu, niliyoikuza. Tulikaa siku mbili. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukianza na shikamoo na kumalizia na ugali wa muhogo, na kila mahali picha ilizunguka mkono kwa mkono mpaka kingo zikalegea. Siku ya kwanza jioni tulikuwa na majina manne. Siku ya pili tulikuwa na tisa.

Nitakusimulia moja. Pembeni kabisa mwa picha kuna mwanamke aliyegeuza uso. Wote wanamtazama mhutubu, yeye anatazama kulia, nje ya picha. Mjomba alimkumbuka yeye peke yake kati ya wote, kwa sababu alimwudhi. Aliharibu picha. Gazetini walimkata, na ukitafuta toleo lile utaona wako ishirini na wawili. Binti yake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, aliishika picha akacheka mpaka akafuta machozi. Akatuambia mama yake alikuwa anatazama ndoo yake. Aliiacha kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, watu walipoitwa mkutanoni kwa lazima, na alikuwa na hofu kwamba foleni ikisogea ndoo itarushwa nyuma.

Mjomba akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile mkutano ulihusu nini?"

Hakuna aliyemjibu, maana alijua. Ulihusu maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua inazama mchangani, na kabla ya mabomba kina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mkuu wa Mkoa alikuwa anaeleza mafanikio ya mradi wa maji. Katika watu wote waliokuwepo siku ile, aliyekuwa akiitazama historia yenyewe, usoni, alikuwa mwanamke yule. Mpiga picha alimwona kama kasoro, mhariri akamkata, na ukweli wa mkutano ule ukaondoka pamoja naye.

Ndiyo maana nasema jina si heshima tu wala si mapambo. Jina ni mlango. Ukimwuliza mtu jina lake huwezi kuishia hapo. Atakuambia ametoka wapi, anangoja nini, na kwa nini ametazama pembeni. Usipouliza, unabaki na maelezo uliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam.

Jambo hili linawezekana, tena tumeshalifanya kama taifa. Ile picha ya Aprili 1964, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, tuliikuta shuleni ukutani, na pale pembeni kuna vijana walioshika vyombo. Kwa miaka mingi walikuwa vijana tu. Baadaye waandishi waliwatafuta, na leo tunawajua akina Khadija Abbas Rashid na Hassan Omar Mzee. Picha haikupungua kwa kuwataja. Muungano haukupungua. Kwa nini iwe wao tu, kwa sababu walisimama karibu na rais?

Mhariri anayesoma haya, futa "baadhi ya wananchi" kesho asubuhi. Picha ya mkutano isipokuwa na majina matatu ya waliohudhuria, irudishe kwa aliyeileta. Mwalimu wa uandishi wa habari, fundisha kwamba kalamu ni sehemu ya kamera. Na wewe uliyesoma, mwenye simu na mwenye likizo, kuna debe la biskuti chini ya kitanda cha mtu kwenu. Livute wakati wenye macho ya kuwatambua waliomo bado wapo.

Utaniuliza kwa nini basi sikuyataja hapa majina tisa tuliyoyapata. Kwa sababu nilijifunza kuuliza, na nilipouliza, yule binti alisema, "Andika nyuma ya picha, usipeleke kwenye simu." Yako nyuma ya picha. Mjomba aliyaandika mwenyewe kwa kalamu, kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole kwa sababu ya jicho, na mahali pa asiyejulikana ameacha mstari. Tumempa kila mwenye nyumba nakala.

Mistari iliyobaki ni kumi na minne. Tangu Julai wamefariki wazee wawili kati ya waliotusaidia, na mmoja wao alituahidi kwamba usingizini humjia jina la yule mwenye khanga ya maua, nusu tu, halafu linapotea. Tutarudi msimu wa korosho ukiisha, watu wakiwa na nafasi. Kama bibi yako aliishi Newala mwanzoni mwa miaka ya themanini, mpigie leo jioni. Muulize kama anakumbuka mkutano mmoja wa mchana, chini ya mwembe, siku ambayo foleni ya maji ilikuwa ndefu.